Mwendo wa Longinus

Siku tuliyomzika Longinus Kihwele nilifika msibani nimechelewa, tena kwa makusudi. Mtani anayewahi msibani ni mtani gani huyo? Mtani anaingia watu wamekwisha kulia mpaka sauti zimekauka, wamekaa tu wanaangalia majamvi, hawajui wafanye nini na mikono yao. Hapo ndipo anapotokea na kelele zake. Nilivuka uwanja nikipiga mayowe: "Jamani Wahehe! Nasikia mmepungua mmoja! Mbona hamkuniita mapema nije nishangilie?"

Waliokaa kwenye majamvi wakacheka, wengine wakaanza kulia upya, wengine wakafanya yote mawili. Ndiyo kazi yangu hiyo. Mimi ni Mngoni, jina langu Otmar Gama, na Longinus alikuwa Mhehe. Babu zetu walipigana hapa hapa Nyamalenge mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watatukanana tu na kuzikana. Mimi na Longinus tulitukanana tangu tukichunga mbuzi, na sikumpenda mtu mwingine duniani kama nilivyompenda yule bwana. Nasema wazi, sioni aibu.

Mkewe, Winfrida, aliposikia sauti yangu alitoka ndani mbio, kanga imemlegea kichwani. Akanishika mkono akanivuta pembeni ya ukuta.

"Shemeji, leo usifanye," akasema. "Nakuomba."

"Nisifanye nini?"

"Utani. Kaa tu na wenzako, ule, uzike, basi."

Nikamtazama. "Shemeji, unataka Longinus azikwe kama mtu aliyeokotwa barabarani? Watu watasema tuligombana."

Aliangalia upande wa kanisa, uliposimama mlingoti wa Mlinzi, mtambo wa serikali wa kuwatambua watu, na jicho lake jeusi, kisha akaniachia mkono. Nikadhani ni majonzi. Nani asingedhani? Mume ameteketea ndani ya gari kwenye kona za mteremko, jeneza limeletwa limepigwa misumari kwa sababu mtu aliyeungua hafunuliwi, na mke hakupata hata kumwona uso. Nikasema moyoni, huyu ndiye hasa wa kuchekeshwa leo.

Nikaingia chumbani, nikalitoa koti la Longinus kwenye msumari, nikalivaa. Nikavaa na kofia yake. Jeneza lilipoinuliwa nikatangulia mbele ya wabebaji, nikaanza kutembea kama yeye.

Longinus aliwahi kuanguka kutoka paa la kiwanda cha chai akavunjika nyonga, nayo haikuunga vizuri. Mguu wa kushoto aliuvuta, bega la kulia likapanda juu, mkono mmoja akauweka mgongoni kama mkaguzi wa shule. Kila baada ya hatua chache alisimama akajifanya anaangalia mashamba, kumbe anasubiri maumivu yapite. Alikuwa na majivuno yule! Nilimwiga miaka yote hiyo, sokoni, kwenye pombe ya ulanzi, hata mbele ya padri, naye akinirushia chochote kilichokuwa karibu. Lakini siku hiyo sikuiga kwa akili. Nilikuwa nalia ndani ya lile koti, huku nacheka, na miguu ikaenda yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi mmoja akapayuka, "Jamani, si ni yeye huyu!"

Tukafika lango la kanisa. Taa ya mlingoti ikageuka kijani, na ile sauti laini ya kike ikasema: "Habari za asubuhi, Longinus Kihwele. Dawa zako za nyonga ziko tayari zahanati."

Mama yangu! Watu walicheka mpaka wabebaji wakalazimika kuliweka jeneza chini. Wazee waliketi kwenye majani wakishika mbavu. Mlinzi hajakosea hata mara moja tangu aletwe Nyamalenge. Vitambulisho viliondolewa kwa ajili yake, maana kadi inaibiwa na uso unafunikwa kitambaa, ila mwendo, walituambia, mtu hawezi kuuacha nyumbani. Ukipita mbele ya jicho, Mlinzi anakujua kwa jinsi unavyotupa goti na kuzungusha kiuno. Zahanati inakufungulia, duka la ushirika linakufungulia, na unakokwenda kunaandikwa. Na leo Mngoni mmoja mwenye koti la kuazima amemlaghai mchana kweupe. Nikavua kofia nikauinamia ule mlingoti kama bwana harusi.

Winfrida peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika nguzo ya lango, midomo imemkauka.

* * *

Walikuja alasiri, tumekwisha kuzika, ubwabwa bado uko jikoni. Gari lao lilikuwa jeusi, na aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya Idara ya Utulivu, Afande Zuhura Kibwana. Alivua viatu, akakaa kwenye jamvi kama watu wengine, akatoa pole kwa kila mmoja. Ndipo akaomba kuzungumza na mimi.

"Mzee Gama, wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mtani wake."

"Yaani ndugu?"

"Mtani, afande."

"Kisheria, mtani ni nani?"

"Kisheria sijui. Ninavyojua mimi, ni mtu anayeruhusiwa kukutukana ukiwa hai na kukuvalia koti ukifa."

Hakucheka, ila aliinamisha uso kidogo. Alikuwa mtu wa mji mkuu, amelelewa kwenye maghorofa ambako majirani hawajuani hata majina, sembuse kutaniana. Nilimwonea huruma. Tena nilikuwa bado nina raha ya asubuhi, mjinga mimi.

"Mlinzi amemwona Longinus Kihwele langoni pa kanisa," akasema.

"Aliniona mimi."

"Mlinzi hajawahi kudanganywa na mtu, mzee."

"Basi leo kadanganywa."

"Naomba usicheke, maana jambo lenyewe halichekeshi." Akashusha sauti. "Nina njia mbili tu. Ama Longinus Kihwele yuko hai na mmezika jeneza tupu, ama wewe umeghushi mwendo wa raia. Mlinzi haruhusiwi kuwa amekosea. Mkuu wa Jimbo ameagiza kaburi lifukuliwe kesho asubuhi."

Aliposema Mkuu wa Jimbo, damu ikanipanda. Nyamalenge nzima ilijua. Mama Osmunda, mwenyekiti wetu wa ushirika wa chai, alikutwa amekufa kwenye banda la kukaushia majani, shingo imevunjwa, siku chache baada ya kukataa kuuza kiwanda kwa rafiki zake Mkuu. Macho yote ya Mlinzi kwenye barabara ya kiwandani, yanayojua hata kuku wa nani kavuka, mchana ule hayakuona kitu. Longinus, aliyekuwa katibu wa ushirika, alisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema kwa sauti: Mlinzi hakupofuka, amepofushwa, na gari la Mkuu wa Jimbo lilikuwepo, nimeliona mimi kwa macho yangu. Wiki haikuisha, gari la Longinus likawaka moto mteremkoni.

"Fukueni!" nikamwambia afande. Nilisimama kabisa. "Fukueni hata sasa hivi! Mtamkuta mkaa, kama mlivyomfanya! Mimi mtani wake nawaruhusu, nileteeni jembe nianze mwenyewe!"

Nyuma yangu kikombe kikaanguka kikapasuka. Alikuwa Winfrida.

Afande Zuhura aliinuka, akavaa viatu vyake polepole. "Fikiri vizuri, mzee," akasema. "Nitalala kituoni. Ukiwa na la kuniambia, njoo kabla wachimbaji hawajaanza."

Gari lilipoondoka, Winfrida akaniita uani, mbele ya watu. "Shemeji, wewe si mtani? Njoo utwange. Umevunja kikombe changu."

"Nimevunja mimi?"

"Shika mchi."

Watu wakaangua kicheko, afadhali wamepata pa kupumulia. Mngoni anatwanga! Mwoneni mke mpya wa Mhehe! Tukasimama kwenye kinu kimoja, yeye upande huu, mimi upande ule, tukipokezana michi. Nyumbani hakuna macho, lakini masikio ya mlingoti yanafika mbali na kila mtu ana simu kifuani. Winfrida alitwanga kwa nguvu kuliko mahindi yalivyohitaji.

"Humo hamna mtu," akasema, chini ya kishindo cha mchi.

"Humo wapi?"

"Twanga, usisimame! Kaburini. Kuna mgomba na mchanga."

Nikaukosa mdomo wa kinu, mchi ukapiga ardhi. Watu wakacheka tena.

"Yuko ng'ambo ya mto, nje ya mpaka," akasema. "Aliruka kabla gari halijawaka. Aliliwasha mwenyewe. Wangemuua, shemeji, alishaletewa habari. Akasema bora afe kabla hawajamfikia."

Nifiche nini? Kitu cha kwanza kilichonijaa ni furaha, furaha ya kutaka kuutupa ule mchi na kurukaruka. Yuko hai, Mhehe yule! Cha pili kilikuja nyuma yake hapo hapo, na hicho ndicho kilichobaki.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataa yeye. Alisema uso wa Otmar haujui kuficha kitu. Alisema Otmar akilia kwa dhati, kila mtu ataamini, hata wao."

"Na akasahau kwamba mimi msibani silii."

Winfrida akapiga mchi, akapiga tena. "Akasahau. Alihesabu kila kitu, misumari, mafuta ya gari, mtu wa mochwari. Utani akausahau, kwa sababu alizoea kuwa yeye ndiye anayetaniwa. Hata mimi nilisahau. Nilikumbuka uliposimama pale uwanjani unapiga mayowe."

Tulitwanga mpaka mahindi yakawa unga, na bado tukaendelea. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba nimeumia. Nimevaa koti la mtu nikalia machozi ya kweli kwa ajili ya mgomba. Lakini ungemwambiaje mwanamke yule, mumewe ng'ambo na wachimbaji kesho mlangoni?

"Nitakwenda kituoni," nikasema. "Nitakiri nimeghushi. Ni kweli, si nimeghushi?"

* * *

Asubuhi kituo kilinuka rangi mpya. Afande Zuhura alinipeleka kwenye ukumbi mrefu usio na kitu, ila mstari mweupe sakafuni na macho kila upande, hata chini, yamepachikwa kwenye sakafu yakimulika nyayo. Winfrida aliruhusiwa kukaa kwenye benchi ukutani. Nje, kupitia dirishani, niliwaona wachimbaji wameegemea majembe yao wanavuta sigara.

"Kabla hujaanza, mzee, ni haki yako kujua," afande akasema. Aliongea kama mtu anayemweleza mgonjwa habari za upasuaji. "Mlinzi ana kanuni moja iliyo chini ya zote. Mtu mmoja, mwendo mmoja. Hawezi kumweka mtu mwenye miendo miwili, wala mwendo mmoja wenye watu wawili. Akifanya hivyo mara moja tu, hesabu yake yote inavurugika. Kwa hiyo ukithibitika kwamba unaweza kutembea kama Longinus Kihwele, mwendo huo utaandikwa wako. Ule wako wa kuzaliwa utafutwa."

"Utafutwaje? Miguu ni yangu."

"Ukitembea kwa mwendo wako wa zamani, Mlinzi atakuhesabu mtu asiye na jina. Unajua wasio na jina wanakopelekwa."

Najua. Kila mtu Nyamalenge anajua kambi ile, ingawa hakuna anayeitaja.

"Yaani nichechemee mpaka nife?"

"Ndiyo."

Mimi nilikuwa kiongozi wa ngoma ya lizombe. Sijisifu, waulizeni. Nikiingia uwanjani na njuga zangu, vijana walisogea. Na mtu akicheza, mwendo wake wa kweli hutoka tu, hauzuiliki. Maana yake sitacheza tena mahali popote penye jicho, na mahali pasipo na jicho ni ndani ya nyumba.

"Na marehemu?" nikauliza.

"Marehemu hahitaji mwendo." Afande aliinua macho akaniangalia sawasawa. "Au anauhitaji, mzee?"

Hapo nikajua kwamba mwanamke huyu anajua, au anahisi, na ananionyesha mlango huku akinionyesha uko wapi ukuta. Nikaelewa yote kwa mara moja. Nikitembea vizuri, kaburi halitafukuliwa, wala hatatafutwa na mtu. Lakini Longinus hatarudi. Hata Mkuu wa Jimbo afungwe, hata afe, hata waje watu wengine wa haki kabisa, lango la mpakani litaangalia nyonga ile na kusema ni Otmar Gama, na Otmar Gama yuko Nyamalenge. Nitakuwa nimemfunga nje ya nyumba yake kwa miguu yangu. Nisipotembea, wale wenye majembe wataukuta mgomba, na watavuka mto kumfuata, na hawatashindwa kumpata.

Nilimwangalia Winfrida. Mume ni wake, si wangu. Nilitaka anipe ishara, hata ya kope. Naye alielewa vizuri kama mimi, maana alikuwa amekunja kanga mikononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa anaangalia mikono yake, hakuinua uso. Hakunisaidia, na simlaumu. Wewe ungechagua nini?

Nikasimama kwenye mstari nikaanza. Mguu wa kushoto nikauvuta, bega nikalipandisha, mkono mgongoni.

"Habari za asubuhi, Otmar Gama," Mlinzi akasema.

Mlinzi wa mlangoni, yule wa nyama na damu, akacheka puani. Nikarudia. Otmar Gama. Nikarudia tena. Otmar Gama. Jasho likaanza kunitiririka. Jana sikufikiri, leo nafikiri kila kidole cha mguu. Jana alikuwa amekufa na mwili wangu wote ulikuwa unamtafuta. Leo najua yuko mahali fulani amekaa kwenye kigoda anakula samaki wa watu, na nikimfikiria hivyo namwona amekaa tu, hatembei.

"Basi, mzee," afande akasema. Nikasikia sauti yake imechoka. Alishika redio yake awaite wachimbaji.

"Bado!" nikasema. "Mimi siigi mtu kimya kimya, afande. Mtani hanyamazi."

Nikageuka, nikaanza kumtukana. Kwanza kwa mazoea tu, habari za babu yake aliyemkimbia babu yangu akaacha mkuki, habari za mbwa wa jirani kupotea kila yeye akialikwa ulanzi. Kisha yakaanza kutoka mengine. "Mwenye majivuno wewe!" nikasema. "Umeondoka bila kuniaga! Kila mtu umemuaga, mimi hukuniaga! Tumekua pamoja, tumekula pamoja, ukaniona mimi si kitu, mimi ni wa kulia tu! Nani atanirushia viatu sasa? Nani atanitukana? Nimebaki na nani, Longinus? Sema, nimebaki na nani!"

Sikujua kama natembea. Niligundua nimesimama katikati ya ukumbi, nimetazama ukuta kana kwamba ni mashamba, nasubiri maumivu ya nyonga isiyo yangu yapite. Taa ikawa kijani.

"Habari za asubuhi, Longinus Kihwele."

Hakuna aliyecheka. Afande Zuhura aliweka redio chini, akabonyeza vitu vyake kwenye kioo, akaniambia nirudi kwa mwendo ule ule. Nikarudi. Safari hii Mlinzi alichukua muda kidogo, kisha akaniita kwa jina langu.

Nje, wachimbaji walipakia majembe garini. Winfrida alitembea nami mpaka njia panda, mimi nikichechemea, yeye akipunguza mwendo kama alivyozoea kumpunguzia mumewe. Nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo. Alipogundua, alisimama.

"Asante, shemeji," akasema. Akafuta uso. "Umemwokoa. Na sasa hana pa kurudia."

"Ningefanyaje?"

"Hukuwa na la kufanya. Nakuomba tu, kama unaweza, usipite mbele ya nyumba yangu."

Njia ya sokoni inapita pale, ya kanisani inapita pale, ya zahanati inapita pale. Nikamwambia nitajaribu. Nilizungukia mashambani mpaka mvua zilipoanza, baadaye ikabidi nipite tu, na kila nikipita alifunga dirisha.

* * *

Mwili ni kitu cha ajabu. Ukiuvuta mguu mzima kwa muda mrefu, unaumwa kweli. Nyonga yangu ikaanza kuwaka wakati wa baridi, na mlingoti ukawa unanitangazia mimi kwamba dawa zangu ziko tayari. Njuga niliwapa vijana. Mkuu wa Jimbo akapandishwa cheo, akahamishiwa mji mkuu.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani siku Winfrida alipokuja kwangu. Hakuwa amekanyaga pale tangu kituoni. Akaomba maji, akanywa, akageuza redio yangu juu kabisa, akanisogelea.

"Anataka kurudi," akasema. "Anaumwa kifua, kule hana mtu. Anasema afe ama apone, lakini nyumbani."

"Atapitaje langoni?"

"Atapita kwa jina lako." Aliniangalia usoni, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Akipita, Mlinzi atamwita Otmar Gama. Sawa, Otmar Gama alisafiri, anarudi. Uso Mlinzi hautazami, na watu wa hapa hawatamtaja. Ila wewe usionekane popote. Siku ile, na siku zote. Mwendo ni mmoja, shemeji. Mmoja wenu tu ndiye anayeweza kutembea."

Yaani nikae. Nikae ndani ya chumba mpaka siku ya kufa, ili Mhehe yule atembee nje na jina langu. Nitasema ukweli nilivyohisi: nilihisi hasira. Machozi yangu aliyatumia bila kuniuliza, mwendo wangu umekwenda, njuga zimekwenda, sasa anataka na jua. Lakini chini ya hasira nilijua nitakubali. Nilijua kabla hajamaliza maji yake. Nilitaka tu asubiri kidogo, aonje kusubiri. Nilitaka kuombwa mara mbili.

"Ngoja nivune kwanza," nikasema. "Mahindi yangu atavuna nani? Nikimaliza nitakaa."

"Anaumwa, shemeji."

"Nimesema nitakaa. Mwambie Mhehe huyo avumilie, mahindi hayavuni yenyewe."

Akainamisha kichwa akaondoka. Nikavuna. Sikuharakisha. Nilipukuchua, nikaanika, nikapanga magunia, nikaziba hata panya wasiingie, kazi ambayo miaka mingine nilikuwa naiacha tu. Nilikuwa nimekwisha kutandika chumba cha nyuma, nimeweka kiti karibu na ufa wa ukuta unaoingiza mwanga, siku Winfrida alipokuja tena. Safari hii hakugusa redio, hakukuwa na la kuficha. Alisimama mlangoni, akasema, "Wamemzika huko huko." Akasema tena, kana kwamba sikusikia, "Watu wasiomjua."

Nilimuuliza kama alikuwepo mtani. Swali gani hilo! Mtani atoke wapi? Walimweka ardhini kimya, wakamwagia udongo, wakaenda zao.

Hapa Nyamalenge hatukuweza kuweka hata jamvi. Mtu alikwishazikwa, ana kaburi na msalaba. Winfrida alipika kama kawaida, akalia kwenye moshi wa jikoni. Mimi nikaona walau kazi yangu niifanye. Koti lake nilikuwa nalo bado. Nikalivaa, nikavaa kofia, nikatoka nyumbani kwenda kanisani, mguu wa kushoto nikiuvuta, bega juu, mkono mgongoni, nikisimama njiani kuangalia mashamba. Niliweka kila kitu mle, sijawahi kumwiga mtu vile. Watu walinipita wakanisalimia, shikamoo Mzee Gama, marahaba, habari za mavuno, nzuri. Walimwona Otmar anakwenda zake. Huo ndio mwendo wangu, wamenizoea hivyo, watoto wengine hawajui kama niliwahi kuwa na mwingine.

Kaburini nilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nikitafuta tusi. Nilikuwa na matusi ya maisha mazima ya mtu yule, na hakuna lililotoka. Nilichotaka kumwambia ni kwamba ningekaa. Kiti nilikwisha kukiweka, ni mahindi tu, Longinus, ni ubishi wangu tu, ningekaa. Nikaendelea kutembea nikiuvuta mguu kwa nguvu zangu zote, nikingoja japo mtu mmoja acheke.

Alipita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani. Akasimama langoni, akanitazama kwa huruma.

"Pole, mzee," akasema. "Naona leo nyonga inakusumbua."

Nikamwambia ndiyo, mama, leo inanisumbua sana.